Nukta Iliyopotea Kwenye Fotokopi

Mhunze tumeandika muziki kwa herufi tangu zamani, kabla hata Kishapu haijawa wilaya mwaka 2002. Walimu wa kwaya waliotutangulia, wengi wao walimu wa shule za msingi, walitunza nyimbo katika madaftari ya kaunta, na humo ndani hukukuta mistari mitano wala vichwa vya nota. Ulikuta d, r, m, f, s, l, t. Nukta pacha zilitenganisha mapigo, mstari wa wima ulifunga kipimo, nukta moja iligawa pigo katikati, na kistari kilimwambia mwimbaji aendelee kushikilia. Ndiyo solfa. Mbegu yake iliotea Norwich, Uingereza, kwa mwalimu Sarah Glover, mchungaji John Curwen akaikuza katika karne ya 19, na wamisionari wakaisambaza Afrika. Enoch Sontonga, aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao tuni yake sisi tunaijua kama Mungu Ibariki Afrika, naye alikuwa mtu wa solfa.

Naanzia huko kwa sababu watu wakinikuta na kompyuta yangu huniuliza swali moja. "Mwalimu, mbona hakuna nota?" Wanatazama kioo wanaona herufi, namba na mabano. Programu ninayotumia ni LilyPond, iliyoanzishwa mwaka 1996 na Waholanzi wawili, Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen, na mpaka leo ni ya bure. Huchori kitu kwa kipanya. Unaandika maandishi ya kawaida, unaiamuru iyasome, nayo inakurudishia ukurasa wa nota ulio tayari kuchapwa. Nota ya pigo moja unaipa namba 4, ya nusu pigo namba 8. Ukitaka sauti ipande oktava unaweka ritifaa, ukitaka ishuke unaweka mkato. Mzee aliyelelewa na solfa, anayejua kwamba alama ndogo juu ya d ni do ya juu na alama chini ya s ni so ya chini, hahitaji somo refu hapo.

Kuna jambo moja lililonifanya niipende kuliko programu nyingine zote nilizowahi kuazimwa. Inakubali nota zitajwe kwa majina ya Kitaliano: do, re, mi, fa, sol, la, si. Kwa Wataliano do ni C siku zote, haihami. Lakini ukiandika wimbo wako wote kana kwamba do ni C, kisha juu yake ukaongeza amri \transpose do sol, wimbo mzima unahamia G, alama za ufunguo zikiwemo. Yaani yale maneno ambayo wazee waliyaandika juu ya kila wimbo, "Do ni G", yamekuwa amri ambayo mashine inaitekeleza. Waimbaji wakilalamika kwamba soprano inawakaba, nabadilisha neno moja, wimbo unashuka. Madaftari ya kaunta yanaingia kwenye kompyuta herufi kwa herufi, bila mtu kupiga hesabu ya vidole kwenye kinanda.

Shida huanza baada ya hapo, kwenye mpangilio wa ukurasa. Mafundi wa zamani wa Ulaya waliochonga nota kwenye mabamba ya metali walisomea kazi hiyo kwa miaka. Walichokuwa wakijifunza ni nafasi: nota hii ikae umbali gani na ile, mstari ukatike wapi, mkia uelekee juu au chini. LilyPond imejaribu kuyaweka macho ya mafundi hao ndani ya kanuni, na mara nyingi inafaulu. Inapokushinda, hushiki nota na kuisogeza kwa mkono. Itakubidi ujue ni nini kinachoisukuma.

Katika nyimbo zetu kinachosukuma ni maneno. Kiswahili hakiachi nota bila silabi. Tazama "nitakushukuru": silabi sita, na kwenye wimbo wa haraka zote zinaingia ndani ya mapigo matatu. Kila silabi inadai upana wake chini ya nota, "ngwa" na "shu" zikidai zaidi ya "i" na "a", kwa hiyo nota zinatanuka na kubanana kwa kufuata herufi badala ya kufuata muda. Mbaya zaidi, nafasi ikiwa finyu mno programu inaviacha vistari vya kuunganisha silabi, na maneno mawili yanasogeleana hadi msomaji hajui "ana ku penda" ni neno moja au mawili. Mwimbaji anayeujua wimbo hasumbuki. Mgeni anavuta pumzi katikati ya neno.

Dawa yake ni mistari miwili ya amri, inayowekwa mara moja mwanzoni mwa faili, isemayo kwamba kati ya neno na neno pawe na nafasi isiyopungua kiasi fulani na kwamba kistari kisifutwe kamwe. Lakini mpangilio wa silabi wenyewe hakuna amri inayokufanyia. Programu haijui Kiswahili. Ukiikatia "Mun-gu", kama nilivyokuta katika vitabu vya zamani, inachapa hivyo hivyo, na kwaya inaimba "mun" kwa kufunga mdomo mapema. Sisi tunakata "Mu-ngu". "Mtakatifu" inaanza na "M" peke yake juu ya nota yake, na "mbingu" haifanyi hivyo. Irabu mbili zikikutana juu ya nota moja, zile za "nipe uhai" kwa mfano, unaweka alama ya wimbi katikati, na ukurasani unatokea upinde mdogo chini yake unaomwambia mwimbaji azimeze pamoja. Ritifaa ya Kisukuma nayo ina vituko vyake. Jina la Ng'wanamalundi, yule mcheza ngoma mashuhuri wa Usukuma, linapita salama likiwa kwenye sehemu ya maneno. Likiteleza likaingia sehemu ya nota, ritifaa inasomwa kama amri ya oktava na programu inapiga kelele.

Kelele hizo ndizo ninazotaka kuzieleza kwa kituo.

Tulikuwa tunaandaa wimbo wa Pasaka wa sauti nne. Nakala yetu ilikuwa fotokopi ya fotokopi ya solfa, iliyotoka Shinyanga mjini na kupita mikononi mwa kwaya ambazo hakuna aliyezihesabu. Kijana mmoja wa sauti ya tatu, hodari wa kompyuta kuliko mimi, alijitolea kuuandika wote. Akaleta kompyuta kwangu jioni moja baada ya mazoezi. Mistari miwili ya kwanza ya ukurasa ilikaa vizuri kabisa. Mstari wa tatu uliondoka kushoto, ukaenda, ukapita ukingo wa karatasi, ukapotea. Wimbo wote uliobaki ulikuwa umeingia kwenye mstari huo mmoja, na robo tatu yake ilikuwa nje ya ukurasa.

"Mwalimu, karatasi ni ndogo," akasema.

Alikuwa amekwisha kujaribu kila kinachohusu karatasi. Alipunguza nafasi za pembeni. Aliigeuza A4 ikalala. Alipunguza ukubwa wa nota hadi zikawa punje za ulezi, na bado mstari wa tatu ulitoka nje, mdogo tu kuliko mwanzo. Akaongeza amri ya kukata mstari kwa lazima mahali alipotaka. Programu ikaipuuza, na hilo ndilo lililomuudhi hasa. Anaiambia kata, haikati.

Programu hii inakata mstari kwenye mwisho wa kipimo tu, na ni lazima sauti zote ziwe zimemaliza pamoja pale. Kama kuna sauti hata moja ambayo nota yake imeanza kabla ya mstari wa kipimo na inaendelea upande wa pili, ni marufuku kukata, kwa kuwa nota haiwezi kupasuliwa ikae nusu huku na nusu kule. Basi mstari ukikataa kukatika, usitazame karatasi. Tafuta sauti iliyochelewa. Na pa kuanzia panajulikana: mwanzoni mwa ule mstari uliokataa, maana hadi hapo sauti zote zilikuwa pamoja.

Nikamwomba aweke mstari wa wima mwishoni mwa kila kipimo, kwa kila sauti, ndani ya maandishi. Programu inaruhusu alama hiyo, nayo haichapi kitu. Ni ahadi tu ya mwandishi: naapa kipimo kimeisha hapa. Kama hakijaisha, programu inasema. Kijana alilalamika, kazi hiyo inachosha, lakini solfa yenyewe ilikuwa na mistari hiyo hiyo ya wima na yeye ndiye aliyeamua kutoiandika kwa kuwa "haina kazi". Tukaiendesha tena. Katikati ya maneno mengi ya kijivu ambayo hakuna anayeyasoma, likatokea onyo moja likitaja namba ya mstari ndani ya faili na kiasi: moja ya nane. Sauti ya tatu. Nusu pigo imezidi.

Onyo lenyewe lilitokea mara moja tu, ingawa vipimo vyote vilivyofuata vilikuwa vimeharibika. Mwanzoni inashangaza, halafu unaona busara yake. Kosa ni moja. Yaliyofuata yote yamebeba nusu pigo ile ile hadi mwisho wa wimbo, na hakuna haja ya kulalamikiwa mara thelathini.

Tukaifungua fotokopi mezani. Kwenye pigo la tatu la kipimo hicho palikuwa na d na r, kati yake hamna kitu. Nukta ya kugawa pigo ilikuwa imeliwa na mashine fulani ya fotokopi, miaka mingapi iliyopita hatujui. Kijana aliona herufi mbili bila nukta, akakisia, akaipa ya kwanza pigo zima na ya pili nusu. Sio ukisiaji wa kijinga, kwa sababu karatasi haikumpa kingine. Nikampigia mzee wetu mmoja aliyeimba sauti ya tatu tangu ujana wake, nikamwomba aniimbie kipande hicho kwenye simu. Akaimba nusu na nusu, sawasawa, bila kusita. "Kwani imeandikwaje, Mwalimu?" akauliza. Hakuwahi kuisoma nukta hiyo wala kujua kwamba ipo, alifundishwa na aliyemtangulia kwa kukaririshwa. Namba moja ikabadilishwa, 4 ikawa 8, na wimbo wote ukarudi ndani ya kurasa zake, mistari imekatika yenyewe, mizuri kuliko ambavyo yeyote kati yetu angeipanga.

Tangu siku hiyo nimekuwa mkali juu ya ile mistari ya wima. Kijana anaweza kuniletea faili lisilo na jina la wimbo nikalipokea. Lisilo na mistari ya wima namrudishia.

Ajabu ni kwamba dalili ile ile ilikuja tena kwa sababu tofauti kabisa. Nilitaka kuandika wimbo wa wigashe, ngoma ya Kisukuma inayoimbwa watu wamekaa, ambamo kiongozi hutangulia peke yake kwa mwendo usio na mapigo ya kuhesabu. Programu ina amri ya kuzima hesabu ya mapigo, nikaitumia, na mstari ukatoka nje ya karatasi kama wa yule kijana. Hapakuwa na sauti iliyochelewa, sauti ilikuwa moja. Hapakuwa na vipimo kabisa, kwa hiyo hapakuwa na mahali halali pa kukata. Tiba ni kuweka mistari ya vipimo isiyoonekana, nawe ndiye unayechagua iwe wapi. Nilikwenda kwa mama mmoja anayeongoza wigashe kijijini kwao, nikamwomba aimbe, nikawa natia alama kila alipovuta pumzi. Mistari ikakatika kwenye pumzi zake. Hakuna kanuni ya mafundi wa Ulaya ingenipa hilo.

Shida ya ukurasa wa tatu ni ya kawaida zaidi, ila inagusa mfuko. Wimbo wa kurasa mbili unakaa kwenye karatasi moja, mbele na nyuma. Mstari mmoja tu ukimwagikia ukurasa wa tatu, kwaya ya watu arobaini inahitaji karatasi arobaini zaidi, kila moja ikiwa nyeupe karibu yote, na mweka hazina ananitazama mimi. Ipo amri ya kuilazimisha programu itumie kurasa mbili, na inatii, ikibana kila kitu hadi maneno ya soprano yanagusa mikia ya alto. Naiona kama uonevu. Iko nyingine inayochapa vipimo vya nafasi zote juu ya ukurasa wenyewe, mishale na namba kila mahali, ukurasa unatisha kuutazama, lakini unakuonyesha nafasi imeenda wapi. Kwetu jibu huwa mashairi. Tukiweka beti tatu chini ya nota zile zile, kila nota inatanuliwa na silabi pana kuliko zote katika beti hizo. Tunaacha ubeti wa kwanza peke yake chini ya nota na kuzichapa nyingine mwishoni kama maandishi ya kawaida, wimbo unarudi kurasa mbili. Kupunguza nota nakukubali kidogo. Ukubwa wa kawaida wa programu ni 20, mimi nashuka hadi 18 na hapo nasimama, maana besi yetu ina macho ya watu wa umri wangu na taa za kanisani si za ukumbi.

Wazee hao wa besi wana dai jingine: wanataka solfa. Basi tunaiweka kama mstari wa ziada wa maneno chini ya kila sauti, d na r na m, na faili moja linatoa nakala mbili, yenye solfa kwa wazee na isiyonayo kwa vijana. Ukisahihisha nota mahali pamoja, nakala zote mbili zinasahihika.

Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilipotangaza kwamba haitaiendeleza tena Finale, programu iliyokuwa na umri wa miaka 35, walimu kadhaa ninaowafahamu waliingiwa na hofu juu ya nyimbo zao zilizofungiwa ndani ya mafaili yake. Wapo waliohamishia kazi zao kwingine, wapo wanaotunza kompyuta kuukuu isife. Mafaili yangu ni maandishi matupu. Wimbo wa kurasa nne hauna uzito wa picha moja ya simu. Hata LilyPond ikitoweka kesho, mtu anaweza kuyafungua kwa programu yoyote ya kuandikia na kuusoma wimbo kama alivyosoma daftari la kaunta.

Yule kijana sasa yuko Geita, upande wa Nyarugusu, kwenye machimbo madogo, na amepata kwaya huko. Anasema waimbaji wake hawatulii. Ikisikika kuna rashi mpya ya dhahabu mahali, nusu ya sauti ya tatu wanaondoka kuifuata, wanakuja wengine kutoka Kigoma au Mara ambao hawajawahi kuusikia wimbo. Kukaririsha hakuna muda. Karatasi lazima ijitosheleze, mtu aishike leo aimbe Jumapili. Kwa hiyo amekuwa mkali wa mpangilio kunishinda.

Majuzi tumegombana kwenye WhatsApp juu ya silabi moja. "Nywe", chini ya nota fupi mwishoni mwa mstari, ilikuwa inasukuma kipimo kizima. Aliisogeza kwa mkono, akaandika umbali kamili kuelekea kushoto, ikakaa. Nikamwambia hiyo si dawa, siku atakayobadilisha neno la jirani silabi itakuwa imekaa juu ya mwenzake, abadilishe mkato wa mstari badala yake. Akanijibu kwa sauti, nyuma yake nikisikia jenereta: "Mwalimu, kesho ni Jumapili, na stesheneri inafunga saa kumi na mbili." Nikatazama saa. Nikalifungua faili upande wangu, nikaiacha amri yake ilivyo, na mbele yake nikaweka alama ya asilimia, ambayo programu haisomi ila binadamu anaisoma, na maelezo mafupi: imesogezwa kwa mkono, ukihariri kipimo hiki iondoe.

Akarudisha ujumbe baada ya dakika chache kwamba nimekosea. Programu inairuka kabisa alama ya asilimia na kila kilicho mbele yake hadi mwisho wa mstari, na mimi nilikuwa nimeiweka kabla ya mabano ya kufunga. Akashusha mabano chini, akachapa, akakimbilia stesheneri.